Msiandike 1886 kaburini bado: jibu kwa msomaji anayemtafuta babu yake mhubiri

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Ribe katika Kaunti ya Kilifi, ameniandikia hivi:

"Baba wa babu yangu alikuwa mhubiri wa Methodisti kwetu Ribe na vijiji vya jirani. Tumekuzwa na hadithi kwamba aliuawa na Wamasai pamoja na mzungu wake huko Golbanti, na ndiyo sababu hana kaburi. Lakini marehemu babu, aliyezaliwa 1919, alizoea kutusimulia jinsi mzee huyo alivyomshika mkono kwenda kanisani Jumapili. Bibi naye aliolewa 1941 na alisema siku zote kwamba hakumkuta mkwewe. Tulichonacho ni Biblia moja ya Kiswahili iliyochapishwa 1914, ndani yake mna herufi Y na jina lake la nyumbani, na picha ya wanaume sita mbele ya kanisa. Desemba ukoo unakutana kumjengea kaburi la kumbukumbu, na wazee wanataka paandikwe 'aliuawa 1886'. Moyo wangu unasita. Nianzie wapi?"

Mwanangu, moyo wako umesita mahali penyewe. Mtu aliyeuawa 1886 hawezi kumshika mkono mtoto aliyezaliwa 1919, wala hawezi kuandika jina lake katika Biblia iliyotoka 1914. Hata hivyo usiende kuwaambia wazee wako kwamba wametunga. Nionavyo mimi, wanasema kweli, ila wanasema kweli ya watu wawili kwa jina la mmoja.

Tuanze na Golbanti. Wamethodisti walioleta misheni kwenu walifika Ribe 1862, Thomas Wakefield akiwa mmoja wao, wakiongozwa na Ludwig Krapf ambaye tayari aliijua Pwani. Lengo la Wakefield tangu mwanzo lilikuwa kuwafikia Waoromo, na ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kupata kituo kwao, huko Golbanti karibu na Mto Tana. Kituo hakijakaa hata kidogo, Mei 1886 kikavamiwa na Wamasai. Mchungaji John Houghton na mkewe Annie waliuawa, na pamoja nao baadhi ya watu wa misheni. Kwa hiyo tukio lenyewe lipo, mwaka upo, na "mzungu wake" yupo. Wazee wako hawakuota.

Sasa tazama majina. Wewe ni Mmijikenda, unajua kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Tuchukue majina ya mfano, Mwinga na Kombo. Babu yako aliyezaliwa 1919 tumwite Kombo wa Mwinga. Baba yake, yule mhubiri, ni Mwinga wa Kombo. Baba wa mhubiri ni Kombo wa Mwinga. Na babu wa mhubiri ni nani? Ni Mwinga wa Kombo tena, jina lilelile kwa herufi zilezile. Hesabu kwa kukadiria miaka 25 au zaidi kidogo kati ya mzazi na mtoto: mhubiri alizaliwa karibu 1890, baba yake karibu 1865, na Mwinga wa Kombo wa kwanza karibu 1840. Mwaka 1886 huyo wa kwanza alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, umri wa kwenda Tana na msafara wa misheni kama mpagazi, mjenzi au mwalimu. Vizazi viwili baadaye jina lile likasimama mimbarini Ribe, na masimulizi yakamvisha mjukuu kifo cha babu yake. Nimeliona jambo hili katika koo nyingi za Pwani, na karibu kila mara mkanganyiko unaangukia hapo, kati ya babu na mjukuu wenye jina moja.

Hilo ndilo la kufanya kabla ya yote: watenganishe. Chora shina la ukoo kwenye karatasi kubwa, mpe kila Mwinga namba yake, na kila simulizi utakayopewa uliza, "Huyu ni yupi, wa kwanza au wa pili?" Usipofanya hivyo, kila hati utakayoipata itakuchanganya zaidi.

Ukishawatenganisha, utaona kwamba mhubiri wako tayari ana dirisha. Mtoto hukumbuka kushikwa mkono kuanzia miaka minne hivi, kwa hiyo mzee alikuwa hai karibu 1923. Bibi yako hakumkuta 1941. Basi alifariki kati ya miaka hiyo, na kazi yako ni kulibana dirisha hilo, kutoka miaka kumi na minane hadi miwili, ikiwezekana hadi siku.

Nenda Ribe kwanza, kabla ya Nairobi na kabla ya London. Wazee wa miaka themanini na tisini waliobaki hawatakungoja, na karatasi zitakungoja. Usiende mikono mitupu. Chukua sukari na majani ya chai, keti, wasalimie kwa utaratibu, na siku ya kwanza usitoe daftari. Ukianza kuuliza, usiulize "alikufa mwaka gani?" Hakuna atakayekujibu, au mbaya zaidi, utajibiwa ili uridhike. Uliza alikufa kabla ya nzige au baada ya nzige. Nzige wakubwa walivamia Kenya kuanzia 1928 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mtu aliyekuwa mtoto wakati ule hakusahau mashamba yalivyoliwa, akawasimulia wanawe. Uliza nani walikuwa wamezaliwa siku ya mazishi na nani walikuwa tumboni. Uliza nani alirithi mnazi gani. Uliza nani alihubiri siku ya maziko, maana mhubiri hufunikwa na mhubiri mwenzake, na jina la yule mwenzake laweza kuwa ndilo lililoandikwa mahali. Kwa Mwinga wa kwanza utahitaji alama za zamani zaidi, kama ile njaa ya Magunia ya mwishoni mwa karne ya 19, na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa 1896.

Na wanawake usiwapite. Shangazi walioolewa Kambe, Kaloleni au Rabai waliondoka na hadithi jinsi zilivyokuwa siku zao, nazo hazikupigwa msasa kila mwaka kwenye vikao vya ukoo kama za wanaume waliobaki nyumbani. Tofauti kati ya simulizi ya shangazi na simulizi ya kikao ni dhahabu.

Kisha omba kuonyeshwa vitabu vya kanisa. Hapa lazima ujue babu yako alikuwa nani katika mpango wa Wamethodisti, kwa kuwa neno "mhubiri" linabeba watu wa aina tatu. Kuna mchungaji aliyewekewa mikono, ambaye huhamishwa kituo hadi kituo. Kuna mwinjilisti au mwalimu aliyelipwa na misheni kuangalia kijiji fulani, mara nyingi akifundisha shule siku za kazi na kuhubiri Jumapili. Na kuna mhubiri wa kujitolea, mkulima wa kawaida anayepangiwa zamu ya mimbari, asiyelipwa hata senti. Kila mmoja ameacha alama mahali tofauti. Mchungaji akifariki, huandikwa kumbukumbu yake katika taarifa za Konferensi, yaani mkutano mkuu wa kanisa. Mwinjilisti utamkuta kwenye hesabu za mishahara. Mhubiri wa kujitolea utamkuta kwenye ratiba ya wahubiri tu.

Hiyo ratiba ni hati ninayoipenda kuliko zote. Wamethodisti hupanga wahubiri kwa robo mwaka: upande mmoja makanisa ya sakiti, yaani kundi la makanisa yanayohudumiwa pamoja, juu tarehe za Jumapili, na katikati namba ya mhubiri atakayesimama kila mahali. Pembeni kuna orodha ya majina, na kwa desturi ya Methodisti majina hupangwa kwa ukongwe wa utumishi, wa majaribio wakiwa mwisho. Ukimpata babu yako akiwa wa tatu katika orodha ya watu kumi na wawili, umejua kwamba alikuwa mkongwe. Ukipata ratiba mbili zinazofuatana, ya kwanza ana namba na ya pili jina halipo na walio chini yake wamepanda ngazi moja, umepata robo mwaka ambayo kitu kilitokea: kifo, uzee, kuhama, au kusimamishwa. Kumbukumbu za mkutano wa robo mwaka zitakuambia ni kipi kati ya hivyo, maana wahubiri walijadiliwa kwa majina pale. Jiandae na hilo la mwisho pia. Wahubiri walisimamishwa kwa pombe, kwa mke wa pili, kwa kuhudhuria matambiko ya jadi, na koo nyingi zimekisahau kipindi hicho kwa makusudi.

Katika vitabu vya ubatizo na ndoa usimtafute yeye peke yake. Watafute watoto wake wote. Cheti cha ndoa huandika jina la baba wa bwana na bibi harusi na kazi yake, na baba akiwa amefariki, mwandishi mara nyingi huongeza neno moja la kusema hivyo. Binti aliolewa, baba ameandikwa "mwinjilisti" bila nyongeza. Miaka mitatu baadaye kaka yake anaoa, baba ameandikwa "marehemu". Dirisha lako limeshakuwa la miaka mitatu, na hujaona cheti cha kifo.

Jambo la herufi. Biblia yako ina Y. Huenda ni Yohana, Yakobo, Yosefu au Yoeli. Lakini wamisionari walipoandika vitabu vyao waliandika kwa mazoea ya Kiingereza, John, James, Joseph, Joel. Ukitafuta kwenye Y tu utarudi mikono mitupu. Tafuta kwenye J. Jina la nyumbani nalo litaandikwa kwa namna nne tano, Mwinga, Muinga, Mwenga, kadiri mwandishi alivyosikia. Na katika hati za kabla ya miaka ya 1940 usitafute neno Mijikenda, halikuwa limezoeleka. Wenyeji wa Ribe wanaitwa Wanyika, na Waoromo wanaitwa Wagalla. Ni majina ya dharau kwetu leo, lakini ndiyo yaliyo kwenye majalada, na bila kuyatumia hutafungua mlango.

Fedha pia husaidia. Ukikuta karatasi ya mshahara isiyo na tarehe, tazama imeandikwa kwa fedha gani. Rupia ilitumika hadi 1920, ikafuatwa kwa muda mfupi na florini, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza 1921. Mhubiri wako akitokea analipwa rupia, hiyo ni karatasi ya kabla ya babu yako wa 1919 kujua kutembea vizuri. Akitokea kwa shilingi, hiyo ni karatasi ya 1921 au baadaye.

Nimewahi kufika kanisa moja nikaonyeshwa sanduku la vitabu ambavyo mchwa walikuwa wamekula kuanzia katikati kwenda nje, ikabaki pambizo tupu. Nikalia, sikuona aibu. Ukikuta hali kama hiyo usikate tamaa, maana kituo kilikuwa kikituma nakala na taarifa ng'ambo. Ila lazima ujue zilitumwa kwa nani. Misheni ya Ribe ilianzishwa na United Methodist Free Churches. Kanisa hilo liliungana na mengine mawili 1907 na kuwa United Methodist Church, na 1932 likaungana na Wesleyan na Primitive Methodist kuwa Kanisa la Methodisti la Uingereza. Kanisa la Methodisti la Kenya lilijitegemea 1967. Kwa hiyo maisha ya mhubiri wako yamepita mikononi mwa vyama vitatu, na dirisha lako, 1923 hadi 1941, limekatwa katikati na muungano wa 1932. Ukiomba majalada ya chama kimoja tu, utapata nusu ya maisha yake.

Kumbukumbu kuu za misheni hizo ziko SOAS, chuo kikuu kilichoko London, na sehemu kubwa ya barua ilitolewa pia kwa mikrofishi, yaani picha ndogo za filamu, ambayo baadhi ya maktaba za vyuo vikuu zinazo. Waandikie wahifadhi, ni watu wa msaada, lakini usiwaulize "mna habari za babu yangu?" Wamisionari wa wakati ule, kwa aibu yao, waliandika kurasa tatu kuhusu homa yao na mstari mmoja kuhusu "mhubiri wetu mwenyeji", bila jina. Omba kwa kituo na mwaka: barua na taarifa za Ribe, Jomvu na Mazeras, 1920 hadi 1941. Omba na picha, maana nyingi zimehifadhiwa. Ile picha yako ya wanaume sita yaweza kuwa na ndugu yake kule, yenye maandishi nyuma. Kabla ya hapo, tazama ya kwako kwa kioo cha kukuzia: nani kati ya wale sita amevaa kola ya kichungaji? Kama babu yako hana, una dokezo kuhusu aina ya uhubiri wake. Ichanganue pande zote mbili, mbele na nyuma, na usiibandue kwenye kadi yake.

Kwa Mwinga wa kwanza, tafuta magazeti ya misheni ya nusu ya pili ya 1886, kwa kuwa habari ya Golbanti iliwatikisa sana Uingereza na iliandikwa kwa kirefu. Gazeti la Missionary Echo lililoanza 1894 litakufaa kwa miaka ya baadaye.

Serikali nitaipitia haraka. Usipoteze nauli kutafuta cheti cha kifo cha wakati ule. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo kwa Waafrika ulianza 1963 kwa wilaya chache na kuenea nchi nzima 1971. Na kama mtu wa ukoo ameshachukua cheti cha kuchelewa, kilichoandikishwa miaka mingi baada ya kifo, chenye mwaka 1886, kisitumike kama ushahidi. Kimeandikwa kutokana na hadithi ileile unayoichunguza. Penye faida ni Gazeti Rasmi la Serikali, kwa mambo mawili. Kwanza, wachungaji waliopewa leseni ya kufungisha ndoa walitangazwa humo, hivyo kama babu yako aliwekewa mikono, mtafute hapo. Pili, matangazo ya mirathi hutaja jina la marehemu na mahali na tarehe ya kufariki, na watu wengi hufungua mirathi ya mzee miongo mingi baada ya kifo, ardhi inapoleta maneno. Matoleo mengi ya gazeti hilo yanasomeka mtandaoni. Taarifa za mwaka za wilaya ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Mhubiri wa kijijini hatajwi mara nyingi humo, isipokuwa aligombana na chifu.

Kuna jambo moja zito lazima nikutayarishe nalo. Ribe, kama Rabai, ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka. Tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni za eneo lile walikombolewa kwa fedha na kupewa hati za uhuru. Baadhi ya wahubiri wa mwanzo walitoka miongoni mwa watu hao, na baadaye waliingizwa katika koo za wenyeji kwa ndoa na kwa udugu. Majina ya ukoo wako yanavyopokezana, sidhani ni habari yenu upande wa mhubiri mwenyewe. Lakini mkewe je? Ukifika kwa bibi asiye na ukoo unaotajwa, na mzee mmoja akakohoa akabadilisha mazungumzo, usimbane mbele za watu. Mrudie peke yako siku nyingine. Na akikuambia, mwulize kama anapenda liandikwe. Ni haki yake kukataa, na ni heshima ya yule bibi.

Kuhusu kaburi, naamini lipo. Kama mhubiri alifia nyumbani kati ya 1923 na 1941, kuna uwezekano mkubwa wenzake walimzika kwa ibada, ama kwenye makaburi ya kanisa, ama bomani pake. Hadithi ya "hana kaburi" ilikuwa ya yule wa kwanza, aliyebaki Tana, na ikamfuata mjukuu pamoja na kile kifo. Huenda ndiyo iliyofanya watu waache kulitunza kaburi la mhubiri, wakiamini halipo. Tembea na mzee anayejua mipaka ya zamani, si ya hatimiliki. Uliza mwembe uliokuwepo, njia ya zamani ya kanisani, mawe yaliyopangwa, kilima kidogo ambacho watoto walikatazwa kuchezea. Kama koma, vile vigingi vya mbao vya kuwakumbuka wafu, zilisimikwa kwa ajili ya wafu wa boma lenu, uliza za nani na nani. Ndugu ambao hawakubatizwa huenda walimsimikia mhubiri ya kwake kimyakimya, Mkristo au si Mkristo, na zinavyofuatana zinaweza kukupa mpangilio wa vifo. Mkilipata kaburi, msichimbe. Pigeni picha, andikeni vipimo kutoka mti na kona ya nyumba, na mwambieni mchungaji wa sasa.

Hadi Desemba hutamaliza haya yote, na wazee wamekwisha kuchangishana. Basi waambie hivi, kwa adabu, ukimtanguliza mkubwa wao: wasivunje mpango wa kujenga. Wajenge. Juu waandike jina la mhubiri kama lilivyo kwenye Biblia, herufi yake na jina la nyumbani, na chini yake "Mhubiri wa Methodisti, Ribe". Mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki fundi aache bamba laini, lisilochongwa, lenye nafasi ya tarakimu nane. Pembeni waweke mstari wa Mwinga wa kwanza, babu yake, na neno Golbanti bila kusema aliuawa, hadi utakapoleta karatasi. Bamba laini halimgharimu fundi kitu, na tarakimu zikishachongwa kwenye saruji, wajukuu zako wataziamini kuliko Biblia yenyewe.

Nitumie nakala ya maandishi yaliyo ndani ya jalada, na ya nyuma ya picha, hata kama kwa macho huoni kitu. Wino uliofifia mara nyingi husomeka ukipigwa picha kwa mwanga wa pembeni, asubuhi, karibu na dirisha.